Farasi wa miaka 19 karudishwa kazini, kila asubuhi miguu ya nyuma imejaa. Wazoefu njooni

SaisiWaMeru (mwenye uzi)

Wakuu, heshima kwenu. Mimi ni saisi, yaani mtunza farasi, kwenye banda moja huku Usa River chini ya Mlima Meru. Najua jukwaa hili ni la ng'ombe, mbuzi na kuku wa kienyeji, ila farasi hana jukwaa lake, kwa hiyo nimebisha hodi hapa.

Nina mzee wangu anaitwa Shaba. Maksai, mwekundu, miaka 19, nakadiria kilo 450. Ujana wake kaumalizia Nairobi akikimbia pale Ngong, baadaye ndiyo akashuka huku kubeba wageni. Mwaka jana mwezi wa nane alipata kidonda cha tandiko mgongoni. Kilipona mapema tu, lakini wageni wakapungua, bosi akasema mzee apumzike. Kapumzika hadi kasahaulika. Miezi minane yuko malishoni usiku na mchana, tumbo limeshuka, mgongo umelegea kama kitanda cha kamba.

Wiki tatu zilizopita bosi kasema arudi kazini, wageni wa mwezi wa saba wanakuja. Nikamrudisha kulala bandani, mchana anafanya mazoezi. Tangu hapo, kila asubuhi nikifungua mlango nakuta miguu miwili ya nyuma imejaa, kuanzia kifundo cha juu ya kwato hadi karibu na goti la nyuma. Ukiishika ni ya baridi. Ukibonyeza kidole kinaacha kishimo. Hachechemei hata kidogo. Nikimtembeza robo saa inaanza kupungua, na kufika saa nne huwezi kuamini ni miguu ile ile. Kesho yake tena.

Bosi anasema ni uzee tu, endelea naye. Mwenzangu bandani anasema ni figo. Mimi silali vizuri. Nawasilisha.

KijukuuChaKibosho

Farasi tena! Mimi nilidhani farasi wa nchi hii wote ni wa polisi. Mkuu mpe supu ya kongoro, miguu kwa miguu.

NdamaMweupe

Mtu kaleta shida yake wewe unaleta masihara. Mkuu subiri, kuna daktari mmoja huwa anapita huku usiku akimaliza kazi zake.

SaisiMuscat

Ndugu yangu wa Meru, salaam kutoka Oman. Niko huku mwaka wa sita kwenye mabanda ya farasi, kabla ya hapo nilikuwa Tanga nikichunga ng'ombe wa baba. Hicho kitu nakijua. Huku kila farasi anayefungiwa baada ya kuzoea kukaa nje lazima ajae miguu siku za mwanzo, na wazee ndio zaidi. Dawa yake ni rahisi, mwachie nje usiku kama alivyozoea. Kama haiwezekani, mfunge bendeji za usiku. Sisi tunafunga miguu yote minne, asubuhi tunafungua, miguu kama penseli. Barafu pia inasaidia baada ya kazi.

SaisiWaMeru

Asante kaka. Wazo la kumwachia nje nimempelekea bosi, kakataa. Anasema msimu huu ni wa usubi, na mwaka juzi jirani kapoteza farasi wawili. Bendeji tunazo kwenye sanduku ila hapa hakuna aliyewahi kufundishwa kuzifunga. Kwani kuna ugumu gani?

DktMwendaNjia

Habari zenu. Mimi ni daktari wa mifugo, kazi yangu kubwa ni ng'ombe, lakini farasi na punda nawatibu pia. Nitauliza maswali mengi kwanza, naomba mwenye uzi anijibu yote kabla hajafunga bendeji yoyote.

Uvimbe uko miguu miwili kwa usawa, au mmoja umezidi? Umepima joto? Siyo kwa kiganja, kwa kipimajoto, tena asubuhi kabla hajatoka. Fizi zina rangi gani? Vile vishimo viwili juu ya macho bado vipo au vimejaa? Chini ya tumbo na kwenye ala ya uume kuna uvimbe? Anakula vizuri? Anakula nini hasa? Na alipokuwa anakimbia, aliwahi kuumia kano ya mguu wa mbele?

SaisiWaMeru

Shikamoo daktari. Najibu kama ulivyouliza.

Miguu miwili sawa sawa. Joto nimepima leo saa kumi na mbili, 37.9. Fizi zina rangi ya waridi, nimelinganisha na wenzake watatu. Vishimo vya juu ya macho vipo, tena vimezama sana, ni mzee. Tumbo na ala havina kitu. Anakula kama kaambiwa kesho hakuna.

Chakula ni nyasi kavu, lusini (majani ya malisho) kidogo, pumba za mahindi, na tangu arudi kazini bosi kaagiza aongezewe chakula cha ng'ombe wa maziwa kilo tatu kwa siku ili apate nguvu.

Mguu wa mbele kushoto, nyuma ya ugoko, kuna kinundu kirefu kigumu cha zamani. Nimemkuta nacho. Hakina joto.

DktMwendaNjia

Marahaba. Umejibu vizuri kuliko wengi wenye vyeti.

Naanzia kwenye chakula kwa sababu hicho ndicho kimenishtua kuliko miguu. Simamisha chakula cha ng'ombe leo. Usisubiri kiishe gunia. Vyakula vingine vya ng'ombe na vya kuku huwekewa dawa inayoitwa monensini. Ng'ombe anaivumilia, kuku kwake ni kinga, ila farasi inamuua kwa kiasi kidogo sana, inaharibu msuli wa moyo. Hata anayenusurika anaweza kubaki na moyo dhaifu, na moyo dhaifu nao hujaza miguu maji. Sisemi gunia lenu linayo. Ila kama lebo haisemi wazi kwamba chakula ni cha farasi, hakuna sababu ya kubahatisha.

Sasa miguu. Farasi chini ya goti hana nyama. Shika mwenyewe uone: ni mfupa, kano, mishipa na ngozi. Ng'ombe yuko vilevile, ila farasi ana mguu mrefu zaidi na anaweza kusimama usiku kucha bila kulala chini. Maji ya limfu yaliyoshuka hadi kifundoni hayana msuli wa kuyasukuma yarudi juu. Kinachoyarudisha ni mwendo. Kila akikanyaga, kwato inatanuka kidogo, mto laini ulio ndani ya kwato unabanwa, kifundo kinashuka na kupanda, kano zinateleza, na yote hayo yanafanya kazi ya pampu. Akisimama kwa muda wa saa 12 kwenye chumba cha mita tatu kwa tatu, pampu imezimwa. Mzee mishipa yake imelegea, kwa hiyo anajaa kabla ya kijana.

Kwa maelezo yako, yaani miguu miwili, baridi, inabonyea, haiumi, inapungua akitembea, joto la kawaida, huyu amejaa kwa kusimama. Siyo figo. Figo zikishindwa farasi utamwona amekonda, hana hamu ya kula, anakunywa na kukojoa kupita kiasi.

Kwa nchi zetu lakini lazima uwe na orodha nyingine kichwani, na ndiyo maana nimeuliza fizi. Kupe wanaleta babesia, mbung'o wanaleta nagana, na magonjwa yote mawili yanaweza kujaza miguu farasi. Tofauti yake ni homa inayokuja na kuondoka, fizi zinazopauka au kuwa na unjano, na kukonda wakati anakula. Ukiona hivyo anatolewa damu, inapimwa. Na nakuomba sana, asitokee mtu akamchoma dawa ya nagana kwa kipimo cha ng'ombe. Diminazini farasi haivumilii vizuri, nimeshuhudia farasi akianguka.

BabaNdorobo

Daktari hapo kwenye sindano umenigusa. Huku kwetu mtu akiona mnyama yeyote kavimba anatafuta sindano kwanza, maswali baadaye.

SaisiMuscat

Namheshimu daktari, ila bado nasema usiku nje ndiyo tiba. Farasi hakuumbwa kulala chumbani.

DktMwendaNjia

Kaka wa Muscat uko sahihi kuhusu farasi, lakini hapa bosi wake naye yuko sahihi kuhusu usubi. Homa ya farasi ya Afrika inaenezwa na usubi, vile vijidudu vidogo kuliko mbu, na vinauma zaidi kuanzia jua linapozama hadi alfajiri. Mvua za masika zikipungua na madimbwi yamebaki, ndipo vinapojaa. Ugonjwa ukiingia mapafu farasi wengi sana hufa, wengine ndani ya siku moja tu ya kuonyesha dalili. Kuna namna nyingine inashika moyo, hapo ndipo vile vishimo vya juu ya macho vinajaa na kufura, wakati mwingine shingo na uso pia. Ndiyo maana niliviulizia kabla ya kitu kingine. Farasi akifura juu ya macho, achana na miguu, piga simu.

Kwa hiyo huko Usa River mwezi wa tano huwezi kumwambia mtu amlaze farasi nje. Chanjo ipo na aendelee kupata kila mwaka, lakini chanjo na kulala ndani vinakwenda pamoja. Kinachobaki ni kuiba mwendo kutoka kwenye saa za mchana. Asubuhi jua likishapanda vizuri atoke, asirudi hadi kabla halijazama. Jioni kabla ya kumfungia mtembeze dakika 10 kwa kamba. Kama kuna chumba kikubwa zaidi mpe huyo mzee, yule kijana anayelala kwenye chumba kikubwa ahamie kidogo. Nyasi zake zigawe, nusu weka pembe hii, nusu pembe ile, ili usiku awe anahama. Huu siyo ujanja mkubwa, ila hatua mia mbili za usiku ni hatua mia mbili.

MamaLusini

Hili la kugawa nyasi nimelipenda. Mimi nina punda wawili wa kubeba maji hapa Monduli, nao wamezeeka, nitajaribu.

SaisiWaMeru

Daktari chakula nimesimamisha. Bosi kanuna siku moja, halafu kasoma lebo na kuwapigia waliouza, wakashindwa kumpa jibu la kueleweka. Gunia kawapa majirani wenye ng'ombe.

Vipi kazi? Ninapanda nusu saa kila siku, tunatembea na troti kidogo, yaani mwendo wa mchakamchaka.

DktMwendaNjia

Troti acha kwanza. Farasi aliyekaa miezi minane, moyo na pumzi vinarudi ndani ya wiki chache, misuli inafuata, lakini kano na mifupa huchukua miezi. Hapo ndipo farasi wa mbio wanapowadanganya watu. Wiki ya nne anajisikia mzima, anavuta hatamu, unamwachia, na kano bado ni ya farasi aliyelala.

Huyo wako ana kinundu nyuma ya ugoko wa kushoto. Bila kipimo cha picha sina uhakika, ila kwa farasi aliyekimbia mbio ni karibu hakika kano yake ya nyuma iliwahi kuchanika. Kano ikichanika hupona kwa kovu, na kovu halivutiki kama kano. Huo mguu kila siku upitishe vidole kabla na baada ya kazi. Kinundu kikiwa baridi na kigumu, mwache. Siku kikiwa na joto au akiuvuta mguu unapombonyeza, siku hiyo hana kazi.

Mpango wangu ungekuwa wiki nne za kutembea tu, kwenye ardhi ngumu kiasi isiyo na mawe, ukianza na dakika 20 na kuongeza kidogo kidogo hadi afike saa nzima. Kisha troti ya dakika moja moja, mistari iliyonyooka, mara tatu nne ndani ya matembezi. Kumzungusha kwa kamba kwenye duara dogo usifanye kabisa, miguu ya mzee haitaki duara. Kanta, yaani mbio za polepole, iongelewe mwezi wa tatu wa mazoezi. Siku ya mapumziko asifungiwe. Atembezwe, na nafaka zipunguzwe. Zamani farasi wa mikokoteni Ulaya walikuwa wanapumzika Jumapili huku wanakula chakula kile kile cha kazi, Jumatatu asubuhi mguu mmoja unakutwa umevimba kama nguzo, na ugonjwa wakauita wa Jumatatu.

Vile vipira laini viwili juu ya kifundo, kama unaviona ukipita mkono, ni majimaji ya kwenye ala za kano. Karibu kila farasi aliyefanya kazi anavyo. Baridi na havichechemeshi, waache wazungu wapake losheni.

BabuWaAmu

Assalaam aleikum wanangu. Mimi ni wa Amu, Lamu kama muitavyo, nimekaa na punda tangu sijavaa kikoi. Farasi sina, lakini mguu ni mguu.

Punda wa mawe na saruji akirudi kazini baada ya kupumzika, akiwa mzee, naye hujaa hivyo hivyo. Dawa yetu ilikuwa ni kumtia baharini. Alfajiri maji yakiwa yamejaa unampeleka ufukoni, anasimama maji ya magotini, watoto wanamtembeza huku na huku. Yale maji ya chumvi na ubaridi na ule mwendo, vyote pamoja. Tangu 1987 kuna kituo cha punda hapa kwetu kinatibu bila malipo, nikawauliza kama ni ujinga, wakasema si ujinga, ila nimuoshe maji ya tamu baadaye asitoke vidonda.

Kitu kimoja nawaomba. Msichome. Wazee wetu mguu ukivimba walikuwa wakiweka chuma motoni wanachora mistari. Nimeona punda wengi waliochomwa. Uvimbe uliondoka kwa sababu punda alilazimika kupumzishwa mwezi, chuma ikapewa sifa.

Na hiyo troti yenu, Kiswahili chake ni matiti. Mwenye kucheka na acheke.

KijukuuChaKibosho

Shikamoo babu. Nacheka kwa heshima.

SaisiMuscat

Babu hata huku farasi wanapelekwa baharini, hiyo nakuunga mkono asilimia mia. Na kuchoma huku pia wazee wamo wanaoamini.

Mwenye uzi huna bahari, tumia mpira wa maji. Dakika 15 hadi 20 kila mguu baada ya kazi, anza kwenye kwato upande juu taratibu asishtuke.

SaisiWaMeru

Wakuu nimerudi, siku ya kumi tangu nianzishe uzi, na nimerudi kichwa chini.

Mambo yalikuwa yamenyooka. Chumba kikubwa kapewa, nyasi nagawa, jioni tunatembea. Nilinunua futi ya fundi cherehani, nikawa napima mzunguko wa ugoko wa nyuma kila asubuhi, katikati pale, naandika kwenye daftari la shule. Siku ya kwanza kushoto sentimita 26, kulia 26. Siku ya saba 24 na 24. Nikajiona daktari.

Siku ya nane ikanyesha usiku, asubuhi matope tupu. Nikamtembeza, tukarudi, nikaosha miguu kwa mpira kama kaka wa Muscat alivyosema. Jioni nikasema leo nimalizie kabisa, nikatoa bendeji nikafunga. Miguu ilikuwa bado na unyevu. Pamba sikuweka, sikuwa nayo, nikafunga ile ya kuvutika peke yake kwa kukaza. Nilitaka asubuhi bosi aone miguu kama penseli.

Asubuhi kulia 24. Kushoto 29, umevimba hadi juu ya goti. Bendeji imeacha mchirizi kama wa kamba. Mguu una joto hadi ninausikia kabla kiganja hakijagusa. Hataki nishike, anauning'iniza, anakanyagia ncha ya kwato. Joto la mwili 39.4. Kilichoniuma ni kwamba kwa dakika kama tano nilisimama nikijiambia ni ule ule uvimbe wa kila siku, nikimtembeza utapungua. Nikachukua hatamu kabisa. Alipopiga hatua ya kwanza ndipo nikarudisha.

DktMwendaNjia

Usimtembeze kwa nguvu. Nitumie picha ya nyuma ya kifundo, pale kwenye mkunjo chini kabisa, karibu na kwato. Na mpigie daktari wa karibu sasa hivi, huyu anahitaji mtu wa kumshika.

SaisiWaMeru

Daktari kafika saa tano. Kwenye mkunjo kulikuwa na mpasuko, mdogo kama ukucha, umefunikwa na gaga la matope na manyoya. Shaba ana soksi nyeupe mguu huo na ngozi ya chini yake ni ya waridi. Kasema bakteria waliingilia hapo, wakapanda chini ya ngozi. Mimi nikawafungia mlango na joto na unyevu usiku kucha.

Kapewa antibiotiki na ya kupunguza maumivu, ile wanaita byuti. Kaangalia kwato pia kama kuna jipu, hakuna. Kasema niweke maji baridi mara tatu kwa siku, nikaushe kabisa, na akianza kukanyaga vizuri nimtembeze kidogo kidogo mara nyingi. Hakuna kupandwa wakati anakula byuti, kwa sababu maumivu yamezibwa, siyo kwamba yameisha.

DktMwendaNjia

Kawahi vizuri. Kuna mlolongo wa mambo hapo ambao wengine wanaosoma wautazame. Uvimbe wa kusimama ni miguu miwili, baridi, hauumi. Huu ni mguu mmoja, moto, unauma, na homa juu. Hawa ni wageni wawili tofauti hata kama wameingia kwa mlango mmoja.

Magaga ya matope kisababishi chake mara nyingi ni bakteria anayeitwa Dermatophilus congolensis. Jina hilo ni kwa sababu alielezwa mara ya kwanza kutoka kwa ng'ombe wa Kongo, mwaka 1915, enzi za Wabelgiji. Kwa hiyo ni mwenyeji wa huku, anapenda ngozi iliyolowa. Kuosha kila siku bila kukausha ni kumkaribisha. Msimu wa matope mimi huwaambia watu waache matope yakauke, wayapige brashi, na wakiosha basi wakaushe kwa taulo hadi kwenye mkunjo.

Bendeji nilitaka kuieleza nikachelewa, na hilo ni kosa langu. Bendeji ya usiku bila pamba chini yake ni hatari kwa mguu. Inakaa pamba nene kwanza, iliyosawazishwa bila mikunjo, kuanzia chini ya goti hadi kushika kifundo. Bendeji ile ya kuvutika inafuata juu yake, mkazo sawa kila mzunguko, kidole kipite. Isikae mguuni zaidi ya masaa 12. Ikikaza mahali pamoja inaweza kuiumiza kano yenyewe. Na farasi mwenye mpasuko au unyevu hafungwi. Mtu asiyejua kufunga, mguu uliojaa kidogo ni salama zaidi kwake kuliko mguu uliofungwa vibaya.

SaisiMuscat

Na mimi niliitaja bendeji kama kitu cha kununua dukani, sikueleza. Kaka nisamehe. Huku wiki mbili za mwanzo hata hawakuruhusu ushike bendeji, unafunga mguu wa meza kwanza. Siyo utani, mguu wa meza.

SaisiWaMeru

Mguu wa meza nimeanza jana. Bosi kapita kaniangalia, hakusema neno.

NdamaMweupe

Mkuu tupe mrejesho, usije ukapotea kama wengine wanaoanzisha nyuzi.

SaisiWaMeru

Mrejesho, wiki ya tano baada ya ule mguu.

Homa ilishuka siku ya pili. Uvimbe ulichukua siku kumi na mbili kurudi, na daktari kasema mguu ukishapata maambukizi namna hiyo mirija yake ya limfu huwa haiwi tena kama zamani, kwa hiyo utabaki mnene kidogo na unaweza kurudia. Nimekubali. Kushoto asubuhi haushuki chini ya 24 na nusu. Kulia 23. Hiyo ndiyo hali yake sasa, na ndiyo maana daftari nimelipenda. Zamani ningekwambia "umevimba" na "haujavimba". Sasa nakwambia umezidi nusu sentimita na jana hatukutoka kwa sababu ya mvua.

Mpango wa kutembea niliuanza upya kutoka sifuri. Tuko dakika 50, bila mtu mzito. Kinundu cha mbele kiko baridi. Wiki ijayo dakika moja ya matiti, babu wa Amu usijali, nimeshawafundisha na wenzangu neno.

Wageni wa mwezi wa saba hatawabeba. Nilimwambia bosi mwenyewe, nikiwa na daftari mkononi, kwamba Shaba mwaka huu atabeba watoto tu, kwa mwendo wa kutembea, na siyo kabla ya mwezi wa tisa. Nilitegemea maneno. Kalichukua daftari, kasoma kurasa mbili, kauliza kwa nini farasi wengine kumi hawana.

MamaLusini

Nusu sentimita unaipataje sawa kila siku? Mimi nikipima punda wangu mara mbili napata majibu mawili.

SaisiWaMeru

Weka alama dada. Mimi nilinyoa kamstari kadogo ka manyoya upande wa nje wa ugoko, katikati, futi inapita hapo hapo siku zote. Pima kabla hajatoka nje, akiwa amekanyaga miguu yote sawa, na usikaze futi, iguse manyoya tu. Manyoya yakiota unanyoa tena.

Leo kushoto 24 na nusu, kulia 23.